Salome Niliyemtoa Kwako

Mama yangu,

Shikamoo. Ungekuwa hai ningekupigia simu Jumapili hii kama kawaida, ungeniuliza kama mvua imenyesha huku Singida mjini, nami ningekuuliza kuku wako wangapi wamebaki. Leo ningeshindwa kuanzia huko. Baba mkubwa amekisoma kitabu changu, na tangu siku hiyo nyumba yetu haijatulia.

Hukukiona hicho kitabu. Nilikiandika baada ya kukuzika, mchana nikiwa shuleni nafundisha, jioni nikiandika. Ni riwaya. Ndani yake kuna mjane anaitwa Salome, anawapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu. Mtu yeyote aliyewahi kula kwako pale Shelui angekutambua kabla ya kumaliza ukurasa wa pili. Nilimpa Salome kicheko chako cha puani. Nilimpa mkono wako mzito wa chumvi na ile tabia yako ya kumwita kila dereva mkwe, hata mwenye mvi. Unamkumbuka yule aliyelalamika kwamba kuku wako ni mgumu? Ulimjibu bila kugeuka kutoka jikoni, "Kuku wa hapa anatembea, mkwe. Wanaokaa kitako wako kwenu mjini." Hilo nalo nililiweka, neno kwa neno.

Lakini mtu wa kwenye kitabu hawezi kuishi kwa vicheko tu. Msomaji anataka kujua alifikaje pale barabarani, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu wewe hukuwahi kutuambia sisi tulifikaje. Nilichojua ni kwamba baba alifariki nikiwa sijaanza shule, na mazao yalipoingia tukatoka Ulemo, wewe, kaka Yona na mimi, na mizigo michache, tukaanza maisha Shelui. Tulipokuuliza kwa nini, ulisema, "Tulihama tu. Watu huhama." Kisha ukatutafutia kazi ya kufanya.

Kwa hiyo nilitumia nilichokiona. Wewe na milango, mama. Kibanda chako cha mabati kilikuwa wazi kutwa nzima, umeegemeza jiwe mlangoni, na malori yakipita vumbi lilituingilia mpaka kwenye sahani. Madereva wakisema funga, unasema mlango ni mbovu. Haukuwa mbovu. Chooni uliniweka nje nisimame, na mlango ukauacha kidogo. Ile safari tuliyokuja Singida kwa ajili ya macho yako, tulilala nyumba ya wageni, ukalala chini kwenye mkeka karibu na mlango, ufunguo umeufumbata mkononi, kitanda ukaniachia peke yangu. Na zile kucha zako mbili za mkono wa kulia ambazo hazikuota vizuri. Uliniambia zilibanwa na jiwe la kusagia. Nilikuamini mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikajiuliza ni jiwe gani linabana kucha na kuacha vidole.

Nikakaa na hayo nikatunga. Nikasema, Salome alifiwa na mume, na kaka wa mume akataka kumrithi. Salome akakataa. Basi shemeji yake akamfungia ndani ya stoo ya mtama, akaweka kufuli, akamwambia atatoka siku akikubali. Na Salome akauchimba ukuta wa udongo kwa vidole vyake, akatoka, akachukua mtoto wake akaenda barabarani. Nilipoandika sura hiyo nilijisifu. Nilisema, hii ndiyo kazi ya mwandishi, kuchukua mlango na kucha na kupata mwanamke mzima.

Sura nyingine niliitoa kwangu mwenyewe. Ile siku nikiwa mdogo tuliyoshinda kwa Shangazi Mele, dada yake baba, nyumba ya pili kutoka kwetu. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, na karanga mpaka tumbo likauma, tukaogelea kwenye lundo la mabua ya mtama, na hakuna aliyetugombeza kutwa nzima. Katika utoto wangu wote sina siku nzuri kuliko hiyo. Niliiweka kitabuni ili msomaji apumzike kidogo.

Kitabu kilifika Ulemo kwa mkono wa mke wa Yona. Alikinunua kwa kujivunia wifi yake, akawa anakisoma kwa sauti jikoni wakati wa kuchambua mboga, majirani wakija kusikiliza. Walicheka sana mwanzoni. Walikutambua wewe, wakakulilia kidogo. Walipofika kwenye stoo wakaacha kucheka. Mmoja akasema, "Huyu shemeji mbona kama tunamjua?" Neno hilo likatoka jikoni likaenda kisimani, likaenda gulioni, na Jumapili likamkuta baba mkubwa kanisani, kwenye benchi la wazee wa kanisa.

Yona ndiye aliyenipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa. "Njoo, Rehema. Njoo ulimalize." Akanieleza. Anna, binti yake mkubwa, alikuwa ameshavishwa pete, na baba mkubwa ndiye aliyekuwa asimame kama babu kwenye harusi. Sasa amesema hasimami. Tena amemwambia Yona aanze kufikiria msimu huu atalima wapi.

Unajua Yona analima shamba la nani. Ni wewe uliyemrudisha Ulemo alipomaliza darasa la saba, ukisema mtoto wa kiume ana kwao. Baba mkubwa alimlea, akamsomesha ufundi, akamkatia shamba, akamsimamia alipooa. Yona hajawahi kumtaja mzee yule bila heshima. Mimi nilibaki na wewe Shelui, nikawa namwona kaka yangu sikukuu kwa sikukuu.

Nilikwenda. Njiani nilikuwa na woga, lakini dhamira yangu ilikuwa safi, na hilo nataka ulijue. Nilikwenda kusema kwamba nimetunga, kwa sababu niliamini nimetunga.

Baba mkubwa alikuwa sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, fimbo katikati ya magoti. Amezeeka, mama. Shingo imekuwa nyembamba kwenye kola. Kitabu changu kilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa nailoni, kama kitu kinachoweza kuchafua meza. Yona alisimama karibu na dirisha. Shangazi Mele alikaa kwenye kigoda pembeni akimenya karanga kwenye ungo. Anaishi kwenye mji ule ule mpaka leo, kwenye kile kijumba chake, chini ya mkono wa kaka yake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Hakuniuliza habari za safari wala za kazi. Aliusukuma ule mfuko kwa ncha ya fimbo.

"Huyu shemeji aliyemo humu ni nani?"

"Si mtu, baba mkubwa. Nimemtunga."

"Umemtunga."

"Ndiyo."

"Na mama yake huyo mtoto?"

"Yule amefanana na mama. Lakini mambo yaliyompata nimeyatunga."

Aligonga fimbo sakafuni. "Basi Jumapili utasimama mbele ya kanisa. Utasema kwa jina la Mungu kwamba hakuna hata neno moja la humu ndani lililotokea katika nyumba hii. Utasema, kisha utakwenda zako, na harusi ya Anna itaendelea."

Yona alisema, "Kubali tu, Rehema. Ni neno moja."

Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa ameshika chuma cha dirisha kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikasema, "Nitasimama."

Mama, angeishia hapo, ningeapa. Ningesimama mbele ya watu wote wale, nikaapa kwa moyo mweupe, nikakuapia uongo bila kujua. Ila baba mkubwa hakuweza kuishia hapo. Hasira ilikuwa haijamtoka. Aliinama mbele akasema:

"Kabla hujaondoka nataka jina. Nani alikuambia habari ya stoo?"

"Stoo ipi?"

"Usinichezee wewe mtoto! Mama yako alinipa neno lake kwamba hamtajua. Mpaka anaingia kaburini alilitunza. Kama si yeye, ni huyu." Akaelekeza fimbo kwenye kigoda.

Karanga ziliacha kusikika. Nilitaka kusema nimetunga, nimetunga, lakini nilijikuta nautazama ule mfuko wa nailoni mezani. Nilikuwa naziona kucha zako mbili.

Shangazi Mele aliweka ungo chini.

"Mimi sikumwambia," alisema. "Lakini mlango niliufungua mimi."

"Mele, nyamaza."

"Nimenyamaza mpaka meno yameng'oka, kaka. Nitanyamaza tena lini?"

Akanigeukia. Alisema kwa Kinyiramba kwanza, kisha kwa Kiswahili, kama vile alitaka maneno yaingie mara mbili. Kwamba ulifungiwa asubuhi, siku walipomaliza kupura mtama. Kwamba uligonga mpaka jua likapanda, kisha ukaacha kugonga, na kule kuacha ndiko kulikomtisha. Kwamba kucha ulizivunja kwenye mbao za ule mlango. Yeye alikwenda akautoa ufunguo kwenye koti la kaka yake wakati amelala baada ya kula, na jua lilikuwa linaelekea kushuka alipokufungulia.

"Alitoka amejaa vumbi la mtama, kichwani, kwenye kope," alisema. "Hakulia. Hakuniambia asante. Aliniuliza, 'Watoto wamekula?' Nikamwambia wako kwangu, wameshinda kwangu, wamekula matobolwa."

Mama.

Ile siku yangu nzuri. Ile niliyoiweka kitabuni ili msomaji apumzike. Nilikuwa nacheka kwenye mabua, na wewe ulikuwa nyumba ya pili, gizani, unavunja kucha. Nimeiandika siku ile ile mara mbili, kwenye sura mbili, sikujua kwamba ni moja.

Sikulia pale. Nilishindwa. Shangazi ndiye aliyeendelea, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeumizwa karibuni. "Mke wa Yona aliponisomea pale, anabomoa ukuta anatoka peke yake, nilimwambia arudie. Nilidhani ameruka ukurasa. Akarudia. Hakuruka. Mimi simo." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Huyu kaka yangu hakuongea na mimi mvua ngapi kwa sababu ya ufunguo ule. Nawe umeandika kitabu kizima, simo."

Nilimnyima mlango kwa sababu sikujua kwamba ndiye aliyeufungua.

Baba mkubwa hakukana. Nilitegemea akane, apige kelele, atufukuze. Alikaa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili akasema, taratibu, akiitazama sakafu, "Nilikuwa nalinda nyumba ya ndugu yangu. Watoto wa ndugu yangu wangetawanyika." Nikaona kwamba anaamini. Ameamini miaka yote hii. Kisha akainua uso. "Jumapili utasimama?"

"Siwezi tena, baba mkubwa. Nilipoingia humu ningeweza."

Akamwambia Yona, "Umemsikia dada yako." Basi.

Yona alitoka. Hakuniangalia, hakumwangalia mzee. Nilimsikia akipiga hatua uani, kisha baiskeli, kisha kimya.

Shangazi Mele alifunga nguo zake kwenye kanga mbele ya kaka yake bila kuomba ruhusa. Aliomba tuzungukie Shelui kwanza, ndipo tukapanda basi pamoja. Mpaka tunafika kwangu hakusema lolote, ila mara moja tu, basi lilipopita barabarani pale kibanda chako kilipokuwa, ambapo sasa wanauza betri na matairi, aliniuliza, "Hapa ndipo?" Nikasema ndipo. Akatazama mpaka kikapotea.

Harusi ilifanyika. Baba mkubwa hakuja, na wazee wenzake wengi hawakuja. Yona alimsimamia binti yake mwenyewe, kwa suti iliyombana mabegani, akisoma maneno ya shukrani bila kuinua macho. Nilikaa viti vya nyuma. Alinipita akigawa soda kwa wageni, akaniwekea chupa mbele yangu kama anavyomwekea mgeni yeyote.

Nilikukasirikia, mama. Nakuambia ukweli. Nilikuwa nalala na hasira, naamka nayo. Hasira ya kwamba umeninyamazia, nayo ningeizoea, ningesema ulitulinda. Hasira iliyonikaba ni nyingine. Uliujua ule mlango. Ulijua mkono uliouwekea kufuli. Halafu ukamfungia Yona mzigo wake, ukampandisha gari, ukampeleka kwenye mji ule ule, kwa mtu yule yule. Nilikuwa nakaa na Shangazi kila jioni, nashindwa kumwuliza, naogopa jibu.

Aliyeuliza ni Yona mwenyewe.

Alikuja hapa kwangu Jumamosi moja, bila kupiga simu. Alimwamkia Shangazi, akakataa chai, akasema, "Nipe hicho kitabu." Ndipo nilipojua kwamba hajawahi kukisoma. Yote yale, simu, kikao, harusi, aliyafanya kwa kitabu alichokisikia tu kwa watu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani akasoma kutwa. Anasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Sisi tulichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kuna mahali alicheka, nikajua amefika kwa yule dereva wa kuku. Kuna mahali alifunga kitabu akakaa nacho mapajani, kisha akafungua tena.

Alipomaliza aliniita.

"Huyu mtoto kwenye sura ya siku ile. Ana gari la mabua, lina matairi manne na usukani. Nani alimtengenezea?"

Nikaweka chini ungo wa mchele.

"Nililitengeneza mimi," alisema. "Nilijikata kidole. Umeliandika gari vizuri kabisa, mpaka usukani. Mimi niko wapi?"

Salome ana mtoto mmoja, mama. Binti. Nilipokuwa naandika niliona mtoto mmoja anatosha, hadithi inakwenda haraka. Nilimweleza hivyo, na nilipokuwa namweleza niliyasikia maneno yangu yanavyosikika.

"Kwa hiyo na wewe ulinirudisha Ulemo," Yona akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeipokea. Akamgeukia Shangazi. "Mama alijua. Kwa nini alinipeleka kule?"

Shangazi Mele hakuharakisha. "Shelui ulikuwa umeanza kuruka juu ya malori," alisema. "Kijana mwenzako alikuwa ameanguka, akafa. Mama yako alikuja kwangu kwanza, kabla hajazungumza na mtu. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, hakutaka aonekane. Akaniuliza, 'Nikimleta, utamwangalia?' Nikasema nitamwangalia. Hakukupeleka kwa kaka yangu, Yona. Alikuleta kwangu. Unadhani nilikaa kwenye mji ule miaka yote kwa sababu ya kupenda?"

Yona alifunika uso kwa kitabu. Mabega yakamtikisika. Ni mara yangu ya kwanza kumwona analia, hata ulipokufa hakulia mbele yangu. Shangazi alimwacha alie. Mimi nilikwenda kubandika maharage, kwa sababu sikujua pa kuweka mikono yangu.

Hasira yangu imepungua, ila haijaisha. Bado ningetaka ungeniambia. Bado najiuliza ulikuwa unawaza nini kila ulipompokea baba mkubwa pale kibandani, akija sikukuu na Yona, ukimkaribisha kiti na kumwekea paja la kuku. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikadhani ni upendo wa ukoo. Mambo ya shamba hayajatulia pia. Ukoo haujakaa, na Yona msimu huu amepanda alizeti kwenye ardhi ambayo hajui kama ataivuna. Baba mkubwa anaumwa. Mke wa Yona anampelekea uji, na anaupokea.

Naanza kuandika upya. Si kukirekebisha kile. Kile kimeshatoka, kina makosa yake na kitakaa nayo. Ni kitabu kingine, kuhusu kijana aliyerudishwa. Nilimwomba Yona ruhusa, jambo ambalo kwako sikulifanya na nisingeweza kulifanya. Tulikuwa tumesimama stendi, gari lake linakaribia kuondoka. Alifikiri, akaniambia, "Mwandike. Lakini uandike kwamba alimpenda baba yake mkubwa. Hata baada ya kujua. Hilo usiliondoe."

Nimesema sitaliondoa. Ndilo linalonisumbua kila siku ninapokaa kuandika, kwa sababu mimi simpendi, na kijana wangu lazima ampende.

Pumzika, mama. Shangazi anakusalimu, amekaa hapa mlangoni akiniuliza kama nimeshakuandikia yeye anaendeleaje. Nimemwambia nimeandika.

Mtoto wako wa mwisho,
Rehema